Vifaa vya kuanzia kusafishia raifo nyumbani: ninunue vipi?

Mkazi wa Njiro
Wakuu habari za jioni. Nina raifo ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), ya risasi za .30-06, leseni ipo. Nataka vifaa vyangu mwenyewe, niache kuazima. Kuna sanduku dogo lenye fimbo ya aluminiamu ya vipande vitatu, brashi tano na kichupa cha mafuta. Linatosha? Na masika haya mtutu niutunzeje usishike kutu?

Fundi wa Sakina
Mkuu, hilo sanduku liache. Brashi nne kati ya hizo tano ni za bunduki ambazo huna, na fimbo yenyewe ndiyo tatizo. Ile ya vipande hupinda ukiisukuma, na pale inapoungana huwa na ukingo unaokwaruza mifereji ya ndani ya mtutu. Aluminiamu nayo ni laini, chembe za mchanga hujikita ndani yake, ukija kustuka unasukuma msasa.

Pesa kubwa iweke kwenye fimbo ya kipande kimoja, ya kaboni au ya chuma kilichovikwa plastiki, urefu wa sentimita 90 hivi. Mpini uwe unaozunguka wenyewe, ili brashi ifuate mzunguko wa mifereji badala ya kuruka juu yake. Kisha tafuta kile kibomba cha kuongozea fimbo kinachokaa mahali pa bolti. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kinaishika fimbo katikati na kuzuia dawa isimwagike kwenye magazini na kwenye mbao za kitako.

Vingine: brashi mbili za .30 (kipenyo cha mtutu wako), moja ya shaba na moja ya nailoni, ncha ya kusukumia kitambaa, dawa ya kuyeyusha masizi, mafuta mepesi ya bunduki. Vitambaa usinunue. Fulana ya pamba iliyochakaa inatosha, ikiwa safi. Kata miraba ya sentimita 5, halafu punguza hadi kipite kwa kubana kidogo. Kikikwama usikilazimishe, kitoe ukipunguze. Angalia pia meno ya skrubu ya brashi yaoane na ya fimbo kabla hujatoka dukani.

Kabla ya kugusa chochote: toa magazini, fungua bolti, tazama chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho, kisha ingiza kidole. Risasi zote zikae chumba kingine.

Ingiza fimbo kutokea nyuma, upande wa chemba. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi, na ukichubuka upande mmoja shabaha inaharibika hata kama mtutu wote ni mzima. Pitisha kitambaa chenye dawa, subiri dakika 10, halafu brashi ya shaba mara kumi. Itokeze yote mbele ndipo uirudishe, maana ukiigeuza ikiwa ndani nyuzi zake zinavunjika. Maliza na vitambaa vikavu.

Kijana wa Majengo, Moshi
Naongezea kuhusu shaba. Kitambaa kikitoka cha bluu au kijani, hapo dawa inayeyusha shaba iliyoachwa na risasi. Lakini dawa yenye amonia inakula pia brashi ya shaba na ncha ya shaba, kwa hiyo bluu haiishi na mtu anasugua hadi usiku wakati mtutu ulishasafika. Kwa hatua hiyo tumia nailoni. Na usiiache amonia ndani zaidi ya muda ulioandikwa kwenye chupa.

Mkazi wa Njiro
Asanteni sana wakuu. Mafuta ya taa je, hayafai kama dawa?

Fundi wa Sakina
Masizi yanatoa, shaba hayagusi, na hayaachi kinga yoyote dhidi ya kutu. Ukiyatumia, kausha kabisa kisha upake mafuta. Petroli usiitumie ndani ya nyumba hata kidogo.

Mzee wa Usa River
Ndugu yangu, kama una risasi za zamani za jeshi, hasa zile za kabla ya miaka ya 1950, utaratibu ni mwingine. Fataki zake nyingi (kile kiwashio kwenye kitako cha risasi) huacha chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewa, na mafuta hayaiyeyushi. Kinachoiondoa ni maji. Pitisha maji ya moto siku hiyohiyo, kausha na vitambaa vitatu vinne, ndipo upake mafuta. Osha na uso wa bolti pia. Ukichelewa usiku mmoja wa masika, asubuhi unakuta vidoa vyekundu.

Kuhusu kuhifadhi, usiiache kwenye mfuko wa ngozi au wa turubai, vyote vinashika unyevu. Kabati la chuma lenye kufuli, na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu ndani. Ukitoka kwenye baridi kuingia ndani kwenye joto, chuma kinatoa jasho, basi ipanguse kabla ya kuifungia.

Kijana wa Majengo, Moshi
Ukimaliza masika, mafuta kwenye bolti yapunguze hadi yabaki utando tu. Vumbi la kiangazi la huku likikutana na mafuta mengi linakuwa kama grisi ya mchanga. Na siku ya kwenda kupiga, kabla hujaweka risasi, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu na kwenye chemba. Chemba ikiwa na mafuta, ganda la risasi haling'ang'anii ukuta wake, na msukumo wote unaiangukia bolti.

Mkazi wa Njiro
Nimeelewa. Naanza na fimbo ya kaboni na kibomba chake, vingine vitafuata.