Ukweli na huruma vikigongana, kipi kitangulie?

Swali
Ndugu zangu, nimeandika misingi ya maadili ninayoifuata, nikafikia mitano: ukweli, haki, huruma, uaminifu na kujitegemea. Kuitaja hakukunisumbua, kuipanga kumenishinda. Rafiki yangu aliniomba maoni kuhusu kazi aliyoitolea jasho kwa miaka miwili, nami kwa kumwonea huruma nikaisifu kuliko ilivyostahili. Alipoipeleka kwingine ikakataliwa, aliniuliza kwa nini sikumwambia, nami sikuwa na jibu. Je, niuweke ukweli juu ya huruma?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, fafanua kwanza, kisha upange. Neno "ukweli" linabeba mambo mawili yaliyo mbalimbali: kutosema uongo, na kusema kila unalolijua. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hatuna haki ya kumdanganya hata muuaji anayeuliza alipojificha rafiki yetu, alizungumzia kauli ambayo mtu hawezi kuikwepa, si kila lililomo moyoni. (Mimi binafsi ningemdanganya muuaji huyo bila kusita.) Wewe hukunyamaza; ulisifu. Kosa liko hapo, na sidhani kama huruma ya kweli ilikutaka ufanye hivyo.

Jibu la pili
Mimi nina shaka na kupanga kwenyewe. Mwanafalsafa W. D. Ross, mwaka 1930, alitaja aina saba za wajibu, miongoni mwake kutimiza ahadi, shukrani na kutowadhuru wengine, lakini hakuzipa daraja la kudumu, kwa kuwa uzito wa kila mmoja hutegemea jambo lililopo.

Jibu la tatu
Nakubali kwamba mazingira hubadilika, ila asiye na mpangilio wowote huishia kuchagua msingi usiomgharimu, kisha akauita busara. Chukua misingi miwili miwili, ukumbuke siku ilipogongana, ujiulize ni upi ulioufuata na kama ungependa kuufuata tena.

Muulizaji
Nawashukuru. Nimefuta "ukweli" nikaandika: "Nisimpe mtu picha ya uongo ya jambo analolitegemea kufanya uamuzi." Kwa maana hiyo naweza kuuweka wa kwanza bila kuikana huruma, ambayo sasa inahusu namna ya kusema. Msingi wa kujitegemea nimeuondoa, kwani nilipoutafuta katika maamuzi yangu ya mwaka huu sikuuona popote. Bado nakwama kati ya haki na uaminifu kwa rafiki. Aliyewahi kulazimika kuchagua kati ya hayo mawili, naomba anieleze alivyoamua.