Kiyoyozi kinaongezwa gesi kila mwaka na bado umeme unaliwa: tatizo ni nini?

MamaWageni (Mtwara)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaendesha nyumba ndogo ya kulala wageni hapa Shangani, mwendo wa dakika chache kutoka ufukweni, yenye vyumba sita na kila chumba kina kiyoyozi chake cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Vinne ni vya zamani vinavyotumia gesi ya R22, na viwili ni vya inveta, yaani vinavyopunguza na kuongeza mwendo wenyewe, vinavyotumia R32, nilivyovinunua mwaka 2022. Tangu minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba hadi joto la kaskazi linapopungua mwezi Machi vyumba havikosi watu, na hapo ndipo LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaponitoa jasho.

Msimu uliopita nilikuwa natumia takribani yuniti (kilowati-saa) 900 kwa mwezi. Msimu huu, kwa idadi ileile ya wageni, nimefika 1,250, na kwa bei ninayolipa ya kama shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi, ongezeko hilo peke yake linapita shilingi 120,000. Fundi wangu huja kila Desemba, huunganisha geji ya kupimia shinikizo la gesi, husema gesi imepungua, huongeza, nami humlipa shilingi 60,000 kwa kila mashine. Baridi hurudi kwa miezi miwili au mitatu, kisha hali huwa ileile.

Chumba namba nne ndicho kinachonikera zaidi. Lile bomba jembamba la shaba upande wa nje linashika barafu, na usiku maji hudondoka kutoka kwenye mashine ya ndani hadi kwenye mto wa mgeni. Pengine niseme pia kwamba mashine zote za nje nimezifungia ndani ya vizimba vya nondo vilivyozibwa kwa bati juu na ubavuni, kwa kuhofia wezi wa shaba.

Je, ni kweli kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kwa kutumika? Na nifanye matengenezo gani, nikianza na lipi, kabla sijaingia gharama ya kununua mashine mpya? Nina pia hita ya maji ya kuoga ya lita 50 ambayo haizimwi usiku wala mchana.

FundiBaridi (Lindi)

Pole, mama. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Lindi, na swali lako la kwanza lina jibu la neno moja: hapana. Gesi ya kiyoyozi si mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani na kulitupa nje, kisha inarudi kufuata jingine, na mashine isiyovuja inaweza kumaliza maisha yake yote kwa gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, imevuja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na hapa sitaki kumsema mwenzangu vibaya, ila mchukuzi huyo anapata nafuu ya shilingi 60,000 kila Desemba.

Hata hivyo usikimbilie gesi. Kwa mashine iliyo karibu na bahari jambo la kwanza ni kuosha, ndipo upime. Mashine ya nje ikiziba kwa vumbi na chumvi, joto halipati njia ya kutoka, shinikizo ndani ya mabomba linapanda, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inavuta umeme mwingi zaidi kwa baridi ileile, na geji ya fundi inasoma namba zisizosema kweli. Anayejaza gesi kwenye mashine chafu anafanya kazi kwa kubahatisha.

Wiki iliyopita nilifungua mashine moja huku kwetu ambayo mwenyewe aliapa kwamba imeoshwa. Kwa mbele ilikuwa safi kweli. Nilipoondoa kifuniko na kutazama kwa ndani, yale mapezi ya alumini, vibati vyembamba vinavyotoa joto, yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijivu kama blanketi kuukuu, na maji ya kwanza yaliyotoka, yaliponirukia mdomoni, yalikuwa na chumvi kama maji ya Bahari ya Hindi. Chumvi hiyo haizibi tu. Inavuta unyevu wa hewa na kula alumini, ndiyo maana mapezi ya mashine za pwani husagika kwa kidole kama ganda la karanga.

Basi fanya hivi. Zima kwenye sakiti breka, si kwa rimoti. Fundi aondoe kifuniko cha juu, azibe sehemu ya nyaya kwa nailoni, na asiguse kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, kabla ya kuiondolea chaji, kwa kuwa inaweza kukupiga hata umeme ukiwa umezimwa. Maji yapitishwe kutoka ndani kwenda nje, kwa mpira wa kawaida, yakishuka pamoja na mapezi. Ile mashine ya kuoshea magari huyalaza mapezi na kuziba njia moja kwa moja. Na maji yawe ya bomba, si ya kisima kilichoingiwa na maji ya bahari, la sivyo utakuwa unaondoa chumvi kwa chumvi. Baada ya hapo wewe mwenyewe unaweza kuimwagia maji safi kwa nje mara moja kila mwezi, breka ikiwa imezimwa. Vichujio vya mashine ya ndani ni kazi ya mhudumu wa vyumba: vitolewe kila baada ya wiki mbili msimu wa wageni, vioshwe kwa maji na sabuni kidogo, vikaushwe kivulini.

Kuhusu chumba namba nne, barafu yako inazungumza. Ikishika bomba jembamba tu, mara nyingi gesi ni pungufu. Ikishika bomba nene hadi karibu na kompresa, anza kutafuta kichujio kilichoziba au feni ya ndani iliyojaa uchafu. Maji yanayodondoka kitandani huweza kutokana na barafu ya ndani inayoyeyuka, au na bomba la kutolea maji lililoziba kwa ute, na hilo la pili ni kazi ya robo saa. Fundi atafute uvujaji kwa povu la sabuni kwenye nati za maungio, na macho yake yatafute doa la mafuta, kwa sababu gesi inapotoroka huondoka na mafuta kidogo ya kompresa. Akikosa, apime kwa shinikizo la naitrojeni. Usikubali mtu apime kwa oksijeni, maana ikikutana na mafuta hayo inaweza kulipuka. Tundu likizibwa, hewa yote ivutwe kwa pampu, kisha gesi iingizwe kwa kupimwa kwenye mizani, kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Vizimba vyako navyo vivunje, au walau uvue bati. Mashine ya nje inayopumua hewa yake yenyewe ya moto ni sawa na mtu aliyejifunika shuka gubigubi mwezi wa Februari.

MkaziWaLigula

Kwa mtazamo wangu mnamzungusha mama bure. Yuniti zinaliwa na wageni wanaoweka nyuzi 16, wanafungua dirisha na kwenda kula samaki sokoni. Kusanya rimoti, kila kiyoyozi kiwe nyuzi 25, na jambo limekwisha.

MwalimuWaFizikia (Masasi)

Ndugu yangu wa Ligula ana nusu ya ukweli, lakini yuniti 350 zilizoongezeka kwa wageni walewale hazielezwi na tabia ya wageni pekee, kwa sababu hata msimu uliopita walikuwa ni wageni wa aina hiyohiyo.

Ni kweli kwamba kuweka nyuzi 16 hakuharakishi baridi kwa mashine za kawaida zisizo za inveta. Kompresa yake ina hali mbili tu, kufanya kazi au kupumzika, na namba ya kwenye rimoti inaiambia lini ipumzike. Ukiweka 16 katika chumba ambacho hakiwezi kufika 16, umeiambia isipumzike kamwe. Mashine kama hiyo huvuta karibu kilowati 1.1, kwa hiyo ikifanya kazi saa nane mfululizo ni yuniti 8.8, yaani zaidi ya shilingi 3,100 kwa chumba kimoja kwa usiku mmoja. Nyuzi 25 pamoja na feni ya kawaida kwa mwendo mdogo humtosha mtu aliyelala, kwa kuwa upepo ukipita juu ya ngozi hukausha jasho na mwili huhisi ubaridi zaidi ya ule unaosomwa kwenye kipimajoto.

Jambo ambalo halijaguswa ni chumba chenyewe. Nyumba nyingi za zamani za Mtwara zina madirisha ya luva yenye nyavu, ambayo yalikuwa na hekima yake wakati tulipotegemea upepo, ila hayafungi. Hewa ya pwani imebeba mvuke mwingi, na kila inapopenya kiyoyozi hulazimika pia kuugeuza mvuke huo kuwa maji, kazi inayokula umeme juu ya ule wa kupoza chumba chenyewe. Mama, usiku taa ikiwa imewashwa chumbani, simama nje utazame mwanga unapotokea: chini ya mlango, pembeni mwa fremu, kati ya vioo vya luva. Huko ndiko fedha zinakotokea pia. Mpira wa kuzibia mlango ni bei ndogo sana ukilinganisha na gesi ya kila Desemba. Kama vyumba havina dari, au dari ina mianya chini ya bati, anzia hapo.

Kabla na baada ya kuosha, pima, ili usimtegemee mtu yeyote, hata mimi. Weka kipimajoto pale hewa inapoingia kwenye mashine ya ndani na pale inapotokea, baada ya robo saa ya kufanya kazi. Mashine nzima huonyesha tofauti ya nyuzi nane hadi kumi na mbili hivi. Kisha mchana ambao hakuna wageni, zima kila kitu, washa kiyoyozi kimoja kwa saa moja kamili, na soma mita ya LUKU mwanzo na mwisho.

Hita nayo haihitaji falsafa. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunachukua karibu yuniti mbili, na tangi linaloachwa limewashwa linapoteza joto na kupashwa upya mchana kutwa bila mtu kuoga. Ifungie saa ya kuwashia, asubuhi na jioni.

MamaWageni (Mtwara)

Narudi baada ya wiki tatu, kama deni la mtu aliyepewa ushauri bila malipo.

Nilimtafuta fundi mwingine mwenye pampu ya kuvutia hewa na mizani, na nikasimama naye kuanzia asubuhi hadi alasiri. Chumba namba mbili, mashine ya R22 ambayo gesi haikuguswa, ilikuwa ikivuta ampea 6.1 kabla ya kuoshwa. Baada ya kuoshwa na kizimba kuvuliwa bati ilishuka hadi ampea 5.1. Kwa njia ya mwalimu, saa moja ilikula yuniti 1.3 kabla na 1.1 baada. Sikutarajia kwamba maji ya bomba na nusu saa ya kazi vingeweza kuleta tofauti hiyo.

Chumba namba nne, doa la mafuta lilikuwa palepale kwenye nati ya bomba jembamba, limeshika vumbi hadi linaonekana kama tope, na povu la sabuni likavimba mbele ya macho yangu. Mdomo wa bomba ulikatwa na kutengenezwa upya. Bomba la kutolea maji nalo lilitoa ute mweusi ambao sitauelezea hapa. Chumba namba sita kimeshindikana: mapezi yameliwa na tundu liko katikati ya koili yenyewe, yale mabomba yanayopita kwenye mapezi.

Kuhusu rimoti, niliwahi kuzikusanya mwaka fulani, na dereva mmoja wa malori alihamisha wenzake wote usiku uleule. Sasa mhudumu huweka nyuzi 25 na feni kabla mgeni hajaingia, na wengi hawagusi. Hita ina saa.

Swali langu la mwisho: kuhusu mashine ya chumba namba sita, fundi mmoja ameniambia kwamba anaweza kuijaza gesi nyingine iliyo rahisi badala ya R22, na muuza vyuma chakavu ameshakuja mara mbili kuiulizia. Nifuate lipi?

FundiBaridi (Lindi)

Usifuate la kwanza, mama. Baadhi ya hizo gesi rahisi ni jamii moja na gesi ya kupikia, zinawaka, na mashine yako haikutengenezwa kwa ajili yake. Ikivuja ndani ya chumba kilichozibwa vizuri kama alivyoshauri mwalimu, cheche moja ya swichi inatosha. Isitoshe, R22 inaondolewa sokoni duniani kote chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu hatua ya karibu kuimaliza kabisa ni mwaka 2030, kwa hiyo kila shilingi unayoiweka kwenye koili iliyooza inazidi kukosa maana. Weka inveta ya R32 hapo, uchague ambayo mapezi yake yamepakwa rangi ya kuzuia kutu, na mashine ya nje ihamishiwe upande usiopigwa moja kwa moja na upepo wa baharini.

Muuza chuma chakavu umpe, lakini si leo. Akiikata kwa msumeno hapo uani, gesi yoyote iliyobaki inakwenda hewani. Mwambie fundi wako aivute kwanza iingie kwenye mtungi wa kuhifadhia, na aitenge: ikiwa safi itakufaa kwa zile mashine tatu za R22 zilizobaki, siku mojawapo itakapovuja.