Probayotiki kwa mjamzito: vidonge vya duka la dawa au mtindi unatosha?

BintiNgamiani
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Nipo Tanga mjini, mimba ya kwanza inaingia mwezi wa sita. Tangu nianze FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kliniki, choo kimekuwa kigumu mno, tumbo linajaa hata kula sitaki. Nikaenda duka la dawa yule muuzaji akanitolea kichupa cha vidonge vya probayotiki, eti ni bakteria wazuri wa tumbo, mtoto atazaliwa na kinga na mimi sitapata kisukari cha mimba. Bei yake sasa, ni hela ya mboga wiki nzima. Mume wangu anasema kama ni kwa ajili ya mtoto tununue tu, mama mkwe nae anasema hata mtindi niache maana ni baridi, utampa mtoto kifua. Nifanyeje jamani?

MamaWawili_Bagamoyo
Marhaba mdogo wangu. Usinunue kwanza. Mi mimba zangu zote mtindi nimekunywa na wanangu wapo salama, ule ubaridi ukishafika tumboni kwako umeshapata joto la mwili, mtoto haumfikii. Mama mkwe usibishane nae, nenda nae kliniki nesi amwambie mwenyewe. Choo kinataka maji mengi, papai lililoiva, machungwa, tembele, maharage, na jioni utembee kidogo. FEFO usiache hata siku moja!!

NesiMstaafu
Mwanangu, kwenye kisukari cha mimba huyo muuzaji kakudanganya. Mwaka 2021 Cochrane, wale watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, walikusanya majaribio 7 yenye wajawazito zaidi ya 1,600, hawakuona kuwa probayotiki zinazuia kisukari, kibaya zaidi waliopewa probayotiki walipata presha ya mimba zaidi ya wenzao. Presha ndo inayozaa kifafa cha mimba, sasa unalipa hela nyingi ujiongezee hatari ya nini? Ukianza kuumwa kichwa kisichoacha, macho kuona ukungu au uso kuvimba, usisubiri siku ya kadi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sisemi bakteria hao hawana maana, wanayo. Kule Finland mwaka 2001 walichapisha utafiti, akina mama wenye ukoo wa pumu na mzio walipewa Lactobacillus, aina mojawapo ya bakteria hao, wiki chache kabla ya kujifungua, watoto nao wakaendelea kupewa, na walipofika miaka miwili waliopata ukurutu wa ngozi walikuwa kama nusu tu ya wale wengine. Na hapahapa kwetu, Mwanza, wajawazito walipewa mtindi wenye bakteria hao uliotiwa mlonge, majibu yalitoka 2014, sumu za zebaki na aseniki kwenye damu zao hazikupanda kama za wenzao. Ulikuwa utafiti mdogo, ila uone walitumia mtindi, chakula chenye protini na madini ndani yake, wala sio kidonge.

Halafu FEFO na mtindi uviachanishe masaa mawili hivi, maziwa yanazuia madini ya chuma kuingia mwilini, chai ndo kabisa. FEFO meza na chungwa.

MfugajiPongwe
Naongezea kitu kimoja na naomba kizingatiwe, MAZIWA YACHEMSHWE. Sisi wenye ng'ombe tunaujua ugonjwa wa kutupa mimba, unapita kwenye maziwa mabichi na mtu anaupata, na mtindi wa kugandisha maziwa mabichi hauui vile vijidudu. Chemsha, acha yapoe yawe vuguvugu, ndo utie vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika mpaka asubuhi. Ukishaganda usiuchemshe tena, utawaua hao bakteria unaowatafuta. Kama hujui maziwa yametoka wapi bora ununue wa pakiti wa kiwandani.

BintiNgamiani
Asanteni sana, mume wangu nimemsomea yote kakubali. Je togwa nayo? Na papa ng'onda, maana ndo hamu yangu kubwa!

NesiMstaafu
Togwa nzuri, uji upikwe uive, maji yawe ya kuchemsha, na uinywe changa, ikikaa siku nyingi inaanza kuwa pombe. Papa punguza mwanangu, samaki wakubwa wanaokula wenzao wanabeba zebaki nyingi na inaenda kwenye ubongo wa mtoto, chukua dagaa utafune na mifupa yake. Na hiyo kinga ya mtoto unayoitafuta dukani ipo kwenye maziwa yako, mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, yale ya njano usiyakamue ukamwaga hata mtu akuambie ni machafu, halafu miezi sita bila maji wala uji, kwenye maziwa ya mama mna sukari maalumu inayolisha bakteria wazuri wa tumbo la mtoto. Choo kisipolegea baada ya wiki moja ya hayo matunda na maji, rudi kliniki uwaambie, kuna dawa salama za kulainisha.

MamaWawili_Bagamoyo
Na mama mkwe mpelekee kikombe cha togwa mwambie nimekutengenezea wewe 😊