Naomba ushauri: niache duka Kariakoo niende ghala la kampuni inayouza mtandaoni?

Binti Mbagala

Habari za wakati huu wakuu. Naomba mawazo ya waliowahi kuajiriwa na kampuni zinazouza bidhaa mtandaoni, hasa upande wa ghala. Mtaani kila ninayemuuliza ananijibu kwa kusikia tu.

Kwa sasa nauza nguo Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Tajiri ananipa 10,000 kwa siku na chakula cha mchana, na nikiuza zaidi ya bei aliyopanga, cha juu ni changu. Karibu na Idi na Desemba cha juu kinaipita hata hiyo posho. Mvua zikikaza naondoka na elfu kumi peke yake. Sina mkataba, sina NSSF, na siku nikiumwa ndiyo imekwenda hivyo.

Sasa nimeitwa kwenye kampuni moja yenye ghala Mikocheni. Kazi ni kupokea bidhaa, kuchukua oda kwenye rafu, kufunga na kubandika lebo. Mshahara 450,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi sita, siku sita kwa wiki, zamu ya asubuhi na ya jioni. Nimepewa mkataba nikausome nyumbani. Kuna kipengele kinasema mfanyakazi "atawajibika kwa upotevu au uharibifu wa bidhaa zilizo chini ya kitengo chake". Hicho kinaninyima usingizi. Kitengo kina watu wengi, sasa mwingine akipoteza simu ya laki nane, nalipa mimi?

Waliopita huko, mazingira yakoje? Mshahara unatoka? Mlikatwa? Naomba kuwasilisha.

Kaka wa Tandika

Nenda dada. Kariakoo ukiugua wiki mbili unakuta mwingine kasimama mahali pako.

Mzee wa Stoo

Mdogo wangu, nilikaa kwenye kazi hiyohiyo muda mrefu, kampuni nyingine, kwa hiyo nakueleza ninachokijua.

Mazuri yapo. Mshahara ulikuwa unaingia benki, tarehe haichezi. Nilijifunza kuhesabu stoku kwa mfumo, kujua bidhaa ipi inakaa rafu gani na iliingia lini. Kazi niliyonayo sasa kwenye bohari la vinywaji niliipata kwa sababu hiyo. Duka la Kariakoo linakufundisha mteja, lakini ghala linakufundisha mzigo, na watu wanaoujua mzigo kwa maandishi hapa mjini si wengi.

Magumu nayo yapo. Ghala la mabati saa nane mchana Januari, mtu asikudanganye, ni joto. Unasimama zamu nzima. Msimu wa ofa wa Novemba hakuna kukaa kabisa, oda zinamiminika na msimamizi anahesabu umefunga ngapi kwa saa. Vaa viatu vya kufunika mguu hata kama hawakupi, toroli ikikukanyaga kidole hutasimama tena wiki hiyo.

Ila kinachoamua kama hiyo kazi ni nzuri au mbaya ni swali moja tu: mzigo ukirudi, hasara ni ya nani? Huku kwetu wateja wengi hulipa wakishaiona bidhaa mkononi. Maana yake sehemu kubwa ya unachofunga leo kitarudi kesho. Mteja kazima simu, mteja kasafiri, mteja kabadili mawazo. Kila kinachorudi lazima mtu akipokee, akifungue, akikague na kukirudisha rafuni. Nimewahi kuona kitengo kizima kikikatwa kwa blenda iliyorudi bila jagi, na aliyekuwa na kosa hakujulikana mpaka leo. Waulize hilo kabla ya kuuliza habari ya chai.

Dereva wa Toyo

Mzee wa Stoo kamaliza. Naongeza la upande wetu wa kusambaza, dada, kwa sababu ndiko ugomvi wenu wa ghalani unakoanzia.

Mimi nalipwa kwa mzigo uliopokelewa. Mteja akikataa silipwi, na mafuta ni yangu. Mtu anaagiza viatu, unatoka Mikocheni mpaka Chanika, anavijaribu, anasema vinabana. Narudi navyo usiku. Nikifika, mpokeaji wa mizigo inayorudi kashaondoka, naambiwa acha pale mlangoni tutahesabu asubuhi. Asubuhi kiatu kimoja hakipo. Mimi nasema niliacha viwili, ghala linasema lilikuta kimoja. Tunakatwa wote.

Usiku ule mzigo hauna mwenyewe. Kama kampuni yako ina mtu wa kupokea mpaka dereva wa mwisho arudi, na daftari la kusaini pande zote mbili, hapo unaweza kufanya kazi. Kama hawana, hata mshahara wangeuongeza, utarudi kwao kidogokidogo.

Na ujue sisi tunaoendesha wengi wetu hatuhesabiwi kuwa waajiriwa. Hakuna NSSF, ukianguka Mwenge unajitibu. Wewe angalau umeitwa kwa mkataba wa ajira. Hilo si dogo.

Mama Wawili

Nilikuwa huduma kwa wateja, si ghalani. Matusi ya simu niliyazoea, lakini zamu ya jioni sikuweza. Tulikuwa tunatoka saa nne usiku na gari la kampuni liliishia barabara kubwa. Dada, wewe wa Mbagala, ukitoka Mikocheni saa hiyo unabadili gari mara mbili, ya pili ukiipata. Uliza usafiri wa usiku uandikwe. Ukiahidiwa kwa mdomo utapewa miezi ya mwanzo tu.

Chinga Mstaafu

Mimi nakwenda kinyume na wenzangu. Simu yako ina namba ngapi za wateja? Hao wa mikoani wanaokuambia nitumie kumi za rangi mbalimbali nipakilie kwenye basi, hao ndio mtaji wako. Ghalani hutaongea na mteja hata mmoja. Baada ya mwaka wateja wako watakuwa wamehamia kwa mwingine, na mkataba utakuwa umeisha. Omba tajiri akuongeze, anza kuposti mwenyewe, uza mtandaoni kwa mkono wako. Cha juu cha Kariakoo kimejenga nyumba nyingi Chamazi na Kivule.

Afisa Utumishi

Naomba niingie kwenye mkataba, maana ndilo swali aliloleta.

Kipengele hicho hakiwezi kufanya kazi jinsi kilivyoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akupe maelezo kwa maandishi: chanzo, kiasi, na alivyokipata hicho kiasi. Upewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, na jumla yake isizidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo "kitengo chake" si msingi wa kukukata. Kosa lako ndilo msingi, na lazima walionyeshe. Kesi ya blenda aliyoitaja Mzee wa Stoo, pale ambapo mwenye kosa hakujulikana, ilikuwa ya kupinga.

Sasa hesabu. Kwa 450,000, mchango wako wa NSSF ukiwa asilimia 10 ni 45,000. Inabaki 405,000 ya kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, 135,000 inayozidi inatozwa asilimia 8, ambayo ni 10,800. Mkononi unapokea 394,200 kabla ya nauli. Linganisha hiyo na Kariakoo, usilinganishe 450,000.

Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zikizidi ni muda wa ziada, unalipwa mara moja na nusu. Hiyo Novemba wanayoisema hapo juu ndiyo mahali watu wengi wanapoteza haki yao, kwa sababu hawaandiki saa walizoingia na kutoka. Andika zako kwenye simu kila siku. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

La mwisho ni hilo la miezi sita. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo uliza mapema mkataba unahuishwa kwa vigezo gani. Na ukikatwa kinyume, malalamiko ya makato unayapeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi ni siku 30 tu, watu wanachelewa hapo.

Mtu wa Umoja, Nairobi

Wandugu wa Bongo, niongeze la kampuni yenyewe kuyumba. Hapa kwetu Copia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilikuwa imefika vijijini, ina mawakala mpaka kwa maduka madogo, na watu walidhani ni kazi ya kustaafu nayo. Mei 2024 ikakwama kifedha, ikawekwa chini ya wasimamizi wa nje, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakapewa notisi. Huko kwenu Jumia ilifunga Novemba 2019. Biashara hii ya kupeleka mzigo nyumbani kwa mtu ina gharama kubwa, na mara nyingi inaendeshwa na pesa za wawekezaji. Pesa hiyo ikikatika, ghala ndilo hufungwa kwanza. Dada, usiende ukiwa umechoma daraja na tajiri wako.

Kaka wa Tandika

Afisa Utumishi, kampuni ikifungwa hivyo mtu anapata nini?

Afisa Utumishi

Notisi au malipo badala yake, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mshahara wa siku alizofanya kazi, na likizo ambayo hakuichukua. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini anakipata aliyefikisha miezi 12. Wa miezi sita hakigusi. Ndiyo maana michango ya NSSF iangaliwe kila mwezi, usisubiri siku ya kufungwa ndipo ugundue haikupelekwa.

Binti Mbagala

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea mngejitoa hivi. Nimerudi na majibu.

Nilipiga hesabu kwa daftari langu la Kariakoo. Miezi ya Idi na Desemba napata zaidi ya hiyo 394,200, kwa mbali. Miezi ya mvua isiyo na Idi siifikii. Nikitoa nauli ya Mikocheni, tofauti kwa mwaka mzima ni ndogo kuliko nilivyodhani. Kwa hiyo kinachonivuta ni NSSF, matibabu nikiumia kazini, na hicho alichosema Mzee wa Stoo cha kuujua mzigo kwa maandishi. Nataka siku moja niwe na stoo yangu. Kaka yangu Chinga Mstaafu, namba za wateja nimempa mdogo wangu wa kike, tajiri kakubali asimame pale kwa wiki za mwanzo tumwone. Tumeagana vizuri na tajiri.

Jana nilirudi kwenye kampuni nikauliza mzigo ukirudi hasara ni ya nani. Yule dada wa utumishi alinyamaza kidogo, akamwita msimamizi wa ghala. Msimamizi ndiye aliyesema ukweli: mpokeaji anaondoka saa mbili usiku, madereva wa mwisho wanafika saa tatu na zaidi. Nikawaambia basi hicho kipengele siwezi kukisaini kilivyo. Nikawaonyesha kifungu cha 28 kwenye simu. Hawakukasirika. Leo mchana wamenitumia mkataba mpya. Wameandika kosa la mfanyakazi mwenyewe, maelezo kwa maandishi, nafasi ya kujitetea, na robo ya mshahara. Usafiri wa usiku wamekataa kuuandika, wamesema zamu ya jioni nitapangiwa wiki moja kwa mwezi. Mpokeaji wa usiku wanasema "inafanyiwa kazi".

Mama Wawili

Hongera mwanangu. Kwa hiyo wiki moja, tafuta mapema bodaboda unayemfahamu wa kukutoa kituoni. Usiokote yeyote.

Dereva wa Toyo

Hiyo "inafanyiwa kazi" usiilalie. Mpaka mpokeaji wa usiku apatikane, wiki yako ya jioni usipokee mzigo wa mlangoni. Dereva akija fungueni wote wawili, hesabuni mbele yake, andika namba ya oda, asaini, usaini, piga picha. Atanung'unika kwa sababu kachoka, mimi mwenyewe ningenung'unika. Msainishe hivyohivyo.

Binti Mbagala

Nimeelewa kaka. Naanza tarehe moja. Daftari nimeshanunua.