Stima ikipotea, modemu ya tahadhari nayo inazimika! Tumeuziwa nini sisi?

Wadau, nina hasira tangu Jumatano na sitaificha. Nasimamia tangi la kupoza maziwa huku Njoro. Mwezi jana tulimlipa fundi wa Nakuru mjini atufungie modemu yenye laini ya simu. Makubaliano: maziwa yakipata joto au stima ikipotea, modemu initumie SMS yenyewe, hata saa nane usiku. Siku ya kufunga alitia kipima joto kwenye kikombe cha maji moto, SMS ikaingia, tukalipa.

Jumanne stima ikapotea usiku, maziwa ya jioni hata hayajapoa vizuri. Simu ilikuwa kando ya mto wangu, imejaa chaji. Haikulia. Nikajua mambo ni sawa, nikalala. Alfajiri nakuta maziwa yaliyostahili kuwa nyuzi 4 yako nyuzi 24. Kwenye kipimo cha alkoholi, kile cha kujua kama maziwa yameharibika, yakaganda papo hapo, lori likakataa kuyabeba. Lita 1,400! Kuna mama alinijia na kitabu chake cha rekodi akaniuliza, "Sasa karo nitatoa wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikafungua lile sanduku. Modemu imechomekwa kwenye stima ileile ya tangi, betri hakuna! Sasa ingenitumia SMS na nini? Ndani ni SIM800L, kile kifaa kidogo cha kutuma SMS kwa laini ya simu, na chenyewe hakina kosa. Ila kikituma, kwa kufumba na kufumbua huvuta karibu ampea 2, naye fundi amekipa chaja ya ampea 1. Volti zikishuka chini ya 3.4 kinajizima. Antena ameikunja ndani ya sanduku la chuma! Nikaandika AT+CSQ, amri ya kuuliza nguvu ya mtandao, ikajibu 6, na kipimo huenda hadi 31. Nikaitoa nje, ikapanda hadi 19. Kazi ya dakika moja, na hakuifanya.

Nikampigia fundi. "Mzee, hiyo ni shida ya stima, si yangu." Yaani shida ileile tuliyomlipa aitangaze!

Ninadai betri, antena nje, na SMS ya kila jioni saa kumi na mbili kusema modemu iko hai, ili siku isipokuja niamke niende mwenyewe. Na maziwa ya watu yalipwe. Nimempa hadi Ijumaa. Kama kuna aliyefungiwa vivyo hivyo Molo au Rongai, fungua sanduku lako leo, angalia betri.