Naomba ushauri: binti kapata chuo Alabama, sisi tuko Minnesota

Habari zenu wakuu. Binti yangu anamaliza sekondari mwaka huu hapa Minneapolis. Vyuo vitatu vya majimbo vimemkubali: University of Minnesota, ambayo ni safari fupi ya basi kutoka kwetu, Wisconsin–Madison, na Alabama.

Madison haina shida. Majimbo haya mawili yana makubaliano, mtoto wa huku akisoma kule hatozwi ada ya mgeni. Kinachoninyima usingizi ni Alabama. Kawaida anayetoka nje ya jimbo hulipa zaidi ya mara mbili ya mwenyeji, ila wale wanamwaga ufadhili kwa wenye alama nzuri, ndiyo maana zaidi ya nusu ya wanafunzi wao ni wa kuja. Barua yao ameibandika kwenye friji. Mama yake kila akifuata maziwa anaisoma upya, kisha ananiangalia.

Jana usiku nimekaa na kikokotoo. Ada inashuka, halafu bweni, chakula na nauli ya ndege kila likizo vinaipandisha tena. Na ufadhili una sharti la wastani wa alama; akiteleza, tunabaki na ada nzima ya mgeni. Kwenda kule kwa masomo tu hakumfanyi mwenyeji.

Mliosomesha mbali hivyo, ufadhili ulidumu miaka yote 4? Na kukimbia baridi (ndiyo sababu yake kubwa, msicheke) ni hoja kweli? Tunatakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei.