State of Origin inatunyonya mashabiki wa klabu: wiki sita tunauziwa mechi nusu kwa bei kamili

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira, asiyependa kelele apite tu.

Najua wengi humu raga mnayoijua ni ile ya Shujaa wa Kenya, wachezaji saba, au ile ya 15. Huku Queensland, Australia, ninakoishi, raga ni ya wachezaji 13 na ligi yake kubwa inaitwa NRL, klabu 17. Wakongomani, Warundi na Watanzania tuko kibao huku, na wengi tumeuokota mchezo huu kwa sababu ndio watoto wetu wanaocheza shuleni. Ukishauokota haukuachi tena. Mimi siku hizi nabadilishana zamu kazini ili niwahi uwanjani, wenzangu wananiona nimerogwa.

Sasa malalamiko yenyewe. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, ligi inageuzwa mzaha. Kuna mechi tatu za majimbo, Queensland na New South Wales, zinaitwa State of Origin, zinachezwa Jumatano usiku. Wachezaji bora wanakusanywa kutoka klabu zao, wanapelekwa kambini, na ligi HAISIMAMI. Narudia kwa wale wa nyuma: haisimami!

Hebu vuta picha Taifa Stars wako kambini, halafu Simba wanaambiwa safirini hivyo hivyo Mbeya na hao mliobaki nao, pointi tatu ni halali, atakayefungwa shauri yake. Si Msimbazi pangewaka? Huku ndio utaratibu, na watu wanapiga makofi.

Nieleze ratiba, maana ndipo ujanja ulipo. Msimu una raundi 27, kila klabu inacheza mechi 24, kwa hiyo inapumzika mara tatu. Wikiendi ya kabla ya kila Origin wanaweka raundi fupi: klabu 10 zinacheza, 7 zinakaa nyumbani. Anayekaa nyumbani anapewa pointi mbili, sawasawa na aliyeshinda. Watakwambia mwisho wa msimu kila mtu kapumzika mara tatu, kwa hiyo ngoma droo. Si kweli hata kidogo! Klabu moja mapumziko yake yanaangukia wikiendi ambayo mastaa wake wako kambini, inalala usingizi na pointi mbili juu. Nyingine imepumzishwa Machi, watu wake wote wazima, halafu Juni inaingia uwanjani mtupu. Hesabu ya mapumziko inalingana, lakini faida hailingani, na kwenye msimamo hakuna alama ya nyota inayosema hizi pointi zilipatikana dhidi ya kikosi cha pili.

Na wikiendi ya baada ya Origin nayo ni balaa jingine. Mtu kapigana dakika 80 Jumatano usiku, anarudi klabuni Alhamisi mwili mzima una maumivu na michubuko, Jumamosi kuna mechi. Kocha akimchezesha, anacheza nusu mtu. Akimpumzisha, sisi tulionunua tiketi kwa ajili yake tumeliwa.

Klabu yangu siitaji jina, sitaki uzi uvamiwe na watani. Ila nilikuwepo usiku mmoja wa raundi fupi, baridi ya Juni, jukwaa limejaa nusu. Kiti cha mbele yangu kuna mtoto wa miaka kama saba kavaa jezi yenye namba ya beki wetu wa mwisho, kaishikilia bendera kwa mikono miwili. Beki mwenyewe yuko kambini. Aliyevaa namba ile uwanjani ni kijana aliyepandishwa kutoka ligi ya jimbo, na nilimwona kila wapinzani wakijiandaa kupiga mpira wa juu anafuta viganja kwenye kaptula. Wa kwanza ukamponyoka. Wa pili ukamponyoka, wakafunga trai (ndilo bao la raga) hapo hapo. Yule mtoto akamgeukia baba yake akamuuliza "yule ni nani?" Baba hakujua. Mimi ninayejifanya shabiki mkubwa pia sikujua, ilibidi nifungue simu.

Simlaumu kijana, alitupwa majini bila kufundishwa kuogelea. Nilichouliza ni kwa nini tiketi ilikuwa bei ile ile, maegesho bei ile ile, chipsi bei ile ile. Nikawaandikia klabu barua pepe ya heshima kabisa, nikauliza kama wiki hizo mwanachama anaweza kupata nafuu yoyote. Nikajibiwa kwamba wanashukuru sana kwa mapenzi yangu kwa klabu. Basi.

Kabla hamjanirukia: mimi siichukii Origin. Historia yake naijua na naiheshimu. Kabla ya 1980 mchezaji aliitwa jimbo analochezea klabu, si alikotoka. Klabu za Sydney, mji mkuu wa New South Wales, zilikuwa na hela za mashine za kamari, zikawa zinawazoa vijana wa Queensland, halafu vijana hao hao wanavalishwa jezi ya New South Wales kuja kuwachapa ndugu zao. Ni dharau iliyopitiliza. Ndipo tarehe 8 Julai 1980 pale Lang Park, Brisbane, Arthur Beetson, mzee wa miaka 35 ambaye wakati huo klabu yake ya Parramatta ilikuwa ikimchezesha kikosi cha pili, akaongoza Queensland ya wazawa wakashinda 20 kwa 10. Ile ilikuwa haki inatendeka. Na sidhani kama Broncos, klabu ya Brisbane, wangeingia ligi ya Sydney, ile iliyokuja kuzaa NRL, mwaka 1988 kama Origin isingewaonyesha watu kwamba Brisbane kuna mashabiki.

Lakini donda lile limeshapona, jamani! Leo Queensland ina klabu nne kwenye NRL: Broncos, Cowboys, Titans na Dolphins. Bingwa wa 2025 ni Broncos, kamfunga Melbourne Storm 26 kwa 22. Hakuna tena kijana wa Queensland anayelazimika kuhamia Sydney ili ale. Dawa imebaki, ugonjwa umeondoka, na sasa dawa yenyewe ndiyo inatuumiza.

Angalieni majeruhi. Tom Trbojevic wa klabu ya Manly, Juni 2023, Origin ya pili, msuli wa kifua ukachanika, msimu wake ukaishia hapo. Mshahara wake analipa nani? Manly. Na mtu wa hadhi yake unampata wapi katikati ya msimu? Manly hawakuingia nane bora, zile klabu nane zinazobaki kugombea ubingwa, mwaka ule. Sisemi ni kwa sababu hiyo peke yake, ila mtu mwenye biashara yake ukimvunjia gari analotegemea, pole peke yake haitoshi.

Au Johnathan Thurston wa Cowboys 2017. Bega bovu, akacheza Origin ya pili hivyo hivyo, akapiga mkwaju uliowapa Queensland ushindi wa 18 kwa 16. Kishujaa, sibishi, hata mimi nilipiga kelele. Cowboys hawakumwona tena uwanjani msimu ule. Waliingia nane bora wakiwa wa mwisho, wakapambana mpaka fainali bila yeye, wakachapwa 34 kwa 6 na Storm. Kuna watu wanautumia mfano huu kusema "unaona, walifika fainali bila yeye". Mimi naomba kuuliza tu: naye angekuwepo?

Najua pia mtaleta mfano wa klabu ya Penrith ya Sydney. Ndiyo, Penrith walichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, huku wakitoa lundo la wachezaji kwa New South Wales. Penrith wana eneo zima la magharibi ya Sydney linalowazalishia vijana, akiondoka mmoja wanachota mwingine. Klabu ngapi zina kisima kile? Mfumo ambao tajiri wa vipaji pekee ndiye anayeuvuka bila kuumia haujathibitisha kwamba ni mzuri.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote, na hiki sijaona watu wakikisema. Ligi inataka kukua. Perth Bears wanaingia 2027. Papua New Guinea wanaingia 2028, na serikali ya Australia imeahidi dola milioni 600 kwa miaka kumi kwa ajili ya mpango huo. Sawa, vizuri. Sasa niambieni, mtu wa Perth jimbo lake lipo kwenye Origin? Halipo. Mtu wa Melbourne? Wa Auckland, New Zealand? Wa Port Moresby, Papua New Guinea? Hawa wote, kila ikifika katikati ya msimu, ligi yao wenyewe inawaambia kaeni pembeni kwanza, wenye mchezo wao wanacheza. Unamtafuta shabiki mpya kwa mamilioni ya dola halafu wiki sita za msimu unamwonyesha mgongo.

Na sisi je? Kanuni ya Origin inataka uwe umezaliwa kwenye jimbo, au umeishi hapo kabla ya kutimiza miaka 13, au baba yako aliichezea. Kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akafika huku ana miaka 14, hata akimbie kama upepo, Origin si yake mpaka anazeeka. Simlilii hilo, ni mechi za wazawa na jina linasema. Lakini klabu ndio mlango pekee aliofunguliwa kijana yule. Ukiidunisha ligi ya klabu umeudunisha mlango wake. Ukimwambia kila mwaka kwamba kilele cha mchezo huu ni Jumatano tatu ambazo hatacheza kamwe, kesho akihamia soka utashangaa nini?

Wenzao wa AFL, ligi ya mchezo mwingine wa Australia wa mpira wa yai, si raga, kwenye uwanja wenye umbo la yai, ndio walioanza na mechi za asili ya jimbo, 1977 huko Perth. Klabu zikachoka kuumiziwa watu, mpaka 1999 mechi hizo zikaachwa kuwa za kila mwaka. AFL ilikufa? Ina klabu 18 na Tasmania iko njiani. Mwaka 2026 wamezirudisha kwa mechi moja, lakini angalia wameiweka lini: Februari, kabla msimu haujaanza! Wana akili hao, tungewaazima kidogo.

Halafu NRL wenyewe walishajaribu. Kuanzia 2018, ukitoa mwaka wa korona, Origin moja kati ya tatu ilichezwa Jumapili na ligi ikasimama wikiendi ile. Tonga, Samoa, Fiji na Papua New Guinea wakapata siku yao ya kucheza, ilikuwa wikiendi tamu kuliko zote za mwaka. Kuanzia 2023 wakaifuta, zote tatu zikarudi Jumatano kwa sababu televisheni inapenda Jumatano. Mataifa ya Pasifiki yakaambiwa subirini Oktoba, msimu ukiisha. Yaani mechi ya nchi na nchi inaweza kusubiri, ya jimbo na jimbo haiwezi!

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, niwajibu wawili watatu.

Anayesema Origin ndiyo inalipa mishahara ya klabu: sikatai kwamba ina hela. Melbourne 2015 waliingia watu 91,513, na kwenye televisheni kila mwaka iko kati ya vipindi vinavyotazamwa kuliko vyote nchini. Kama ina hela hivyo, basi inunue wikiendi tatu za ligi kusimama. Msimu ukirefuka wiki tatu nani atakufa? Na klabu inayotoa mchezaji ilipwe kwa kila mmoja anayekwenda, na akiumia huko, klabu ifidiwe mpaka apone.

Anayesema ikipelekwa mwisho wa msimu itakufa, maana 2020 ilichezwa Novemba na watazamaji wakapungua: ndugu yangu, 2020! Dunia nzima ilikuwa imefungiwa ndani, viwanja vina masharti, mtu unapima mafanikio ya ratiba kwa mwaka wa korona? Na hata hivyo Queensland waliodharauliwa kuliko wote walishinda ule mwaka, tukashangilia mpaka majirani wakagonga ukuta.

Wewe uliyeandika "mbona unalalamika na utaiangalia Jumatano", ndiyo nitaiangalia, tena na jezi ya Queensland ya rangi ya damu ya mzee nitavaa. Hilo halinizuii kudai changu cha wikiendi, kwenye klabu.

Mwisho, nina tiketi mbili za mechi yetu ya raundi fupi ijayo, viti vizuri, karibu na mstari wa trai. Mwenye kuzitaka aje PM, natoa nusu bei, maana ndiyo thamani yake.